Ushauri: Mtungi mdogo wa gesi, hakuna friji, na hamu ya chokoleti

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari, kijana wa Tanga, nimepangiwa kazi Kyela. Darasani kwangu wanafunzi ni wengi kuliko madawati, na ikifika Ijumaa jioni nakuwa sina hata nguvu ya kumpigia mama simu. Kinachonichangamsha ni chokoleti. Lakini chokoleti dukani ni ghali kwa mshahara wangu, na niliyonunua juzi nilipoifungua niliikuta na utando mweupe juu. Nikajua imeota ukungu, nikaitupa. Cha ajabu, mama mwenye nyumba wangu anaanika kakao uani, naipita asubuhi na jioni. Je, naweza kujitengenezea mwenyewe kitu cha chokoleti? Nina mtungi mdogo wa gesi wenye jiko juu yake, sufuria mbili, na kinu naweza kuazima. Friji sina, oveni sina. Halafu kuna mwalimu mwenzangu ananiambia mwanaume mzima kupika peremende ni kujidhalilisha. Nisaidie, Shangazi.*

*Mwalimu mgeni, Kyela*

Marahaba, mwanangu. Nianze na hiyo uliyoitupa, maana imeniuma.

Ule haukuwa ukungu. Chokoleti inashikana kwa mafuta ya kakao, na mafuta hayo yanaanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto 34 hivi, chini kidogo ya joto la mwili wako. Ndiyo sababu kipande kinalainika ulimini kabla hujakitafuna, na ndiyo sababu hiyohiyo kinapata taabu njiani kuja huko kwenu bondeni. Kimeshinda kwenye lori chini ya turubai, kikalainika, usiku kikaganda tena ovyo, na mafuta yakapanda juu yakabaki pale kama vumbi jeupe. Wakati mwingine ni sukari, pale kipande kinaposhika unyevu na kukauka. Kwa vyovyote vile, ladha inafifia na mdomoni unasikia chengachenga, ila tumboni hakuna ubaya. Ukikutana na nyingine ya namna hiyo, ikatekate uiyeyushe kwenye maziwa ya moto, unywe. Ukungu wa kweli una manyoya na harufu ya kuoza, na huo ndio wa kutupa.

Sasa umepata nusu ya jibu lako. Mtu akisema anataka kutengeneza chokoleti nyumbani, mara nyingi akilini ana kile kipande kigumu, chenye kung'aa, kinachokatika kwa mlio. Hicho kiache. Mafuta ya kakao yana namna sita za kuganda, na ni moja tu inayotoa ule mng'aro na ule mlio. Ili kuipata, unayeyusha, unapoza, unapasha tena kidogo, huku kipimajoto kipo mkononi na chumba kina ubaridi. Ukifanya kazi hiyo chini ya bati mwezi wa Novemba, Kyela, utapata uji usioganda na hasira juu yake. Nimesoma mapishi mengi yanayomwambia mtu ayeyushe chokoleti, achovye matunda, kisha aweke kwenye friji. Ukiondoa friji, pishi lote linaanguka.

Wewe nunua unga wa kakao. Mwaka 1828, Mholanzi Casparus van Houten wa Amsterdam alipata hataza ya mashine ya kukamua mafuta mengi ya kakao, na kilichobaki kikasagwa kuwa unga. Yale mafuta yanayokutesa wewe, kwenye unga yamekwisha kutolewa kwa sehemu kubwa. Joto haliuharibu ukiufunika vizuri, unakaa kabatini miezi mingi, na kopo moja dogo linakufikisha mbali kwa sababu unatumia vijiko tu. Tazama jambo moja dukani: kuna kakao, na kuna chokoleti ya kunywa. Makopo yanafanana na mara nyingi yanakaa rafu moja. Geuza kopo usome. Sukari ikitajwa ya kwanza, hiyo ni ya kunywa, na ukiipikia utapata utamu mtupu bila ladha. Kakao yenyewe ukiilamba ni chungu, na huo uchungu ndio unaoutafuta.

Pishi ninalokupa kuwa la kwanza linatoka Brazili, na nimelichagua kwa sababu lilizaliwa kwa watu waliokuwa na kopo na sufuria tu. Wanaliita brigadeiro. Inasimuliwa kwamba mwaka 1945, Brigedia Eduardo Gomes alipogombea urais, wanawake waliomuunga mkono walitengeneza vidonge hivi na kuviuza ili kuchangia kampeni. Uchaguzi alishindwa na Eurico Gaspar Dutra. Vidonge vikabaki na cheo chake, na leo ni shida kuona sherehe ya mtoto huko isiyo navyo.

Unahitaji kopo moja la maziwa mazito yenye sukari, lile la gramu 390 hivi, vijiko vitatu vya chakula vya kakao, kijiko kimoja cha siagi au majarini, na chumvi ya kushika kwa vidole viwili. Kopo hilo likikosekana dukani, jitengenezee: kikombe kimoja cha maziwa ya unga, theluthi mbili za kikombe cha sukari, theluthi moja ya kikombe cha maji yanayochemka na vijiko vitatu vya siagi. Piga kwa nguvu mpaka sukari iyeyuke na madonge yaishe. Yakipoa yanazidi kuwa mazito.

Usiwashe moto kwanza. Chunga kakao kwa kichujio cha chai, kwa sababu donge dogo la unga halivunjiki likishaingia kwenye kitu cha moto. Changanya na maziwa mpaka rangi iwe moja, tia siagi na chumvi, ndipo uwashe gesi na kuishusha mpaka chini kabisa. Hapo simu weka mbali. Utakoroga kwa mwiko wa mti bila kusimama kwa dakika kumi hadi kumi na tano, ukikwangua chini na pembeni, kwani maziwa yenye sukari yanaungua ghafla na harufu ya kuungua haitoki tena. Mwanzoni litakuwa majimaji na utadhani nimekudanganya. Likianza kutoa mapovu mazito, kaza mkono. Limeiva pale unapopitisha mwiko katikati, ukaona chini ya sufuria, na mchanganyiko ukachukua muda kabla ya kufunika njia, ukijikusanya na kuachana na sufuria kama ugali unaokaribia kuepuliwa. Ukiepua mapema, utapata mchuzi wa kupaka mkate, nao si haba. Ukichelewa, utapata tofi ya kung'oa meno.

Mimina kwenye sahani uliyoipaka siagi, funika kwa kitambaa safi, ulale. Asubuhi kukiwa na ubaridi, paka viganja siagi kidogo na ufinyange vidonge vya ukubwa wa gololi kubwa. Wabrazili wanavigaragaza kwenye vijiti vya chokoleti vya dukani. Wewe una karanga. Zikaange, zimenye, zitwange zisilainike sana. Ufuta uliokaangwa pia unapendeza, na harufu yake na ya kakao zinapatana sana. Utapata vidonge ishirini na kitu. Bila friji, viweke kwenye chombo chenye kifuniko mahali pasipo jua na uvimalize ndani ya siku mbili.

Kwa mtu wa Tanga, sidhani kama nahitaji kusema mengi juu ya kashata. Pika shira ya kikombe kimoja cha sukari na nusu kikombe cha maji mpaka ivute uzi kati ya vidole (ipoze kwanza kwenye kijiko kabla ya kuigusa, kwani shira ya moto inaunguza vibaya). Tia iliki, vijiko viwili vya kakao vilivyochungwa, na vikombe viwili vya karanga zilizotwangwa nusunusu au nazi iliyokunwa. Koroga upesi, mwaga kwenye sinia lililopakwa mafuta, na ukate ikiwa bado vuguvugu. Ya karanga inakaa wiki nzima kwenye kopo lililofungwa. Ya nazi usiiamini kwa joto la huko. Ile siku hiyohiyo au kesho yake. Mama yako akisikia umetia kakao kwenye kashata atalalamika. Akionja atanyamaza.

Twende uani kwa mama mwenye nyumba.

Bonde la Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, ni moto, mvua ni nyingi, na mkakao unapenda hayo. Ndiyo maana mahali panaposifika kwa mchele pamekuwa pia kitovu cha kakao ya Tanzania, pamoja na Morogoro upande wa Kilombero. Kakao unayoipita siyo mbegu iliyotoka tu kwenye tunda. Imevundikwa siku tano hadi saba, ikajipasha moto yenyewe, na hapo ndipo ladha ya chokoleti inapoanza kujengeka. Baada ya hapo inaanikwa mpaka ikauke kabisa. Kwa hiyo usichomoe punje mbili tatu ukipita. Ni mali ya watu, inakwenda kupimwa kwenye chama cha ushirika na kuuzwa mnadani. Mwaka 2024, mavuno ya Côte d'Ivoire na Ghana yalipokuwa mabaya, bei ya kakao kwenye soko la dunia ilipita dola 10,000 kwa tani, na ingawa ilishuka baadaye, mkulima aliyeonja bei hiyo anahesabu punje zake. Mwombe kwa adabu akuuzie robo kilo. Na mwombe akuchagulie yeye, kwani jicho lake linajua zaidi yako. Punje nzuri ukiikata katikati ina rangi ya kahawia na mipasuko ndani. Ikiwa ya zambarau au ya kijivu haikuvundikwa vya kutosha, na uchungu wake hautafunikwa na sukari yoyote.

Zichambue, kisha zikaange kwenye chungu au sufuria nzito kwa moto mdogo, ukigeuza bila kuchoka, dakika ishirini hadi thelathini. Usifupishe hapa. Kakao imevunda na kuanikwa uani pamoja na kuku na vumbi, na moto ndio unaoisafisha. Utasikia maganda yakipasuka, na harufu itawatoa majirani ndani. Zikipoa, menya kwa vidole na upepete. Zirudishe motoni kidogo zipate uvuguvugu, halafu twanga. Karibu nusu ya uzito wa punje ni mafuta, kwa hiyo unga hautabaki unga. Utalowa, utashikana, na ukivumilia utakuwa rojo jeusi linalong'aa. Kama nyumba ina jiwe la kusagia, lianike juani kwanza lipate joto, halafu tumia hilo. Litakupa rojo laini kuliko kinu.

Halitakuwa laini kama la kiwandani, na usijilaumu. Ulaini ule unatokana na mashine za kusugua chokoleti kwa saa nyingi mfululizo, alizobuni Rodolphe Lindt huko Uswisi mwaka 1879. Rojo lako ni la kunywa, na kwa kunywa linafaa sana. Watu wa Meksiko na Amerika ya Kati waliinywa kakao hivyo, imekaangwa na kusagwa kwenye jiwe, kwa karne nyingi kabla kampuni ya Fry ya Bristol, Uingereza, haijatoa kipande cha kutafuna mwaka 1847. Chukua vijiko viwili vya rojo kwa kikombe kimoja cha maziwa, tia sukari, kipande cha mdalasini na chembe ya chumvi, acha yachemke polepole dakika tano. Halafu pekecha. Kama ulikuja na upekecho kutoka kwenu, umepata kazi ya kuufanyia. Wameksiko nao wana kijiti chao cha mti cha kuzungusha kati ya viganja mpaka kinywaji kitoe povu. Wao walizoea kutia pilipili. Ncha ya kisu tu inatosha, na ijaribu kabla hujaicheka.

Sasa tuongee kuhusu Ijumaa yako.

Ningekudanganya nikisema kakao ni dawa ya uchovu. Ina theobromini na kafeini kidogo, kidogo kuliko kikombe cha kahawa. Ina sukari uliyotia wewe. Na ina harufu ambayo watu wengi wanaifurahia kabla hata ya kuonja. Vikiungana vinakuinua kwa muda. Mimi hilo linanitosha, sidai chokoleti ifanye zaidi. Ila panga kazi ipasavyo. Ijumaa jioni usianze kukwangua sufuria, utaishia kulala na vyombo vichafu na Jumamosi itaanza vibaya. Vidonge vipike Alhamisi usiku, maana Ijumaa asubuhi ni dakika chache za kufinyanga kabla ya kwenda shule, na ukirudi vinakusubiri. Kinywaji ndicho cha siku ya kuzidiwa: rojo lipo tayari kwenye chupa, maziwa kikombe kimoja, basi. Kunywa mapema jioni, si saa nne usiku, kama usingizi wako ni wa kubembeleza. Vidonge viwili na chai ya rangi isiyo na sukari vinatosha. Hilo kopo la maziwa ni sukari tupu. Kama kwenu kuna ugonjwa wa kisukari, hilo lipe uzito zaidi.

Kuna mstari mmoja kwenye barua yako niliousoma mara mbili: kwamba huna nguvu hata ya kumpigia mama simu. Kama ni ya Ijumaa tu na Jumapili unacheka, ni uchovu wa kazi. Kama imekuwa ya kila siku kwa wiki mbili au zaidi, usingizi umeharibika, chakula hakina ladha, na mambo uliyokuwa unayapenda umeyaacha, nenda hospitali ya wilaya ukamweleze daktari hivyohivyo ulivyonieleza mimi. Wala usisubiri kwanza uone kama kashata itasaidia. Na kwa mama, piga simu ukiwa unakoroga. Weka spika, mikono inafanya kazi. Nilisema simu iwe mbali, lakini mama si wa kutazamwa kwenye kioo.

Huyo mwalimu mwenzako hajafika Unguja wala Wete. Halua, ambayo Waswahili na Waomani wanaheshimiana nayo kwenye harusi na msibani, inapikwa na wanaume, wamesimama juu ya masufuria makubwa ya shaba wakikoroga kwa miko mirefu mpaka jasho linawatiririka, na ufundi huo baba anamrithisha mwanawe. Sijasikia aliyedhalilika. Lakini usibishane naye. Jumatatu peleka vidonge ulivyopika Jumapili ofisini kwenye sahani, viweke karibu na mtungi wa maji, uendelee kusahihisha madaftari yako. Akichukua cha pili, usiseme kitu.

Ukienda kununua, anza na kopo dogo kabisa la kakao na kopo moja la maziwa, na upike nusu ya kipimo mara ya kwanza, kijiko kimoja na nusu cha kakao kwa nusu kopo. Mabaki ya maziwa yahamishie kwenye chupa safi yenye kifuniko, usiyaache kwenye bati lililokwisha kufunguliwa, na yatumie kwenye chai kesho yake. Na kama hapo nyumbani kuna mbwa, usimrushie hata kidonge kilichoanguka chini wala usimwachie sufuria alambe. Ile theobromini inayokuchangamsha wewe, mwili wa mbwa unashindwa kuiondoa upesi, na kakao ya unga inayo nyingi kuliko chokoleti ya maziwa. Maganda ya punje nayo usiyatupe anapoweza kuyafikia. Yafukie kwenye bustani ya mboga ya mama mwenye nyumba, baada ya kumuuliza.